Simamisha Picha, Mwalimu

*Vichekesho vya watoto kwenye runinga vinaweza kuwafundisha wanafunzi wa shule za msingi kusikilizana, kungoja zamu na kuomba radhi. Vikiachwa vijiendeshe vyenyewe, mtoto huweza kuondoka na somo jingine kabisa.*

Clifford ni mbwa mwekundu mkubwa kama nyumba. Katuni yake ilianza kuonyeshwa Marekani mwaka 2000, ikawapata watoto wengi wa huko wakiwa bado hawajui kusoma. Katika sehemu mojawapo anafika mbwa mgeni aitwaye KC, mwenye miguu mitatu. Rafiki zake Clifford wanababaika. Hawajui wamtazame wapi, wamwambie nini, na mmoja wao anaingiwa na hofu kwamba ulemavu ule unaambukiza. Vituko vinafuatana, watazamaji wanacheka, na mwishowe mbwa wote wanatambua kwamba KC ni wa kucheza naye kama mwingine yeyote.

Watafiti Marie-Louise Mares na Emily Acosta waliwaonyesha watoto wa chekechea sehemu hiyo, kisha wakawauliza wamejifunza nini. Waandishi wa katuni walikusudia somo la kuwakubali watu wenye ulemavu. Ripoti ya watafiti hao, iliyotoka mwaka 2008, inaonyesha kwamba watoto wengi hawakufika huko. Wao walielewa kwamba mbwa wenye miguu mitatu watendewe wema.

Jibu hilo linachekesha, lakini kwa mwalimu wa darasa la kwanza au la pili ni onyo. Mtoto alitazama, alifurahi, alikumbuka kisa chote. Somo lenyewe halikuvuka kutoka kwa mbwa kwenda kwa jirani yake wa dawati.

Afrika Mashariki swali hili si geni wala si la mbali. Mtaala wa umilisi wa Kenya umeweka mawasiliano na ushirikiano, uraia na kujiamini miongoni mwa umilisi saba wa msingi ambao kila mtoto anatakiwa kuupata. Tanzania nayo imekuwa na somo la Uraia na Maadili, na mabadiliko ya mtaala ya mwaka 2023 yameendelea kusisitiza maadili na stadi za maisha. Kwenye karatasi kila kitu kimekaa vizuri. Kazi ni kumfundisha mtoto wa miaka saba kumeza hasira yake mwenzake anapomnyang'anya penseli. Hilo halifundishiki kwa kunakili ubaoni.

Ndiyo maana baadhi ya walimu na watayarishaji wa vipindi wameigeukia runinga, hasa ile inayowafanya watoto wacheke.

Ndizi sikioni

Fikra yenyewe ina zaidi ya nusu karne. Sesame Street ilirushwa hewani kwa mara ya kwanza Marekani tarehe 10 Novemba 1969, na tangu mwanzo ilijengwa juu ya kicheko. Mtafiti mkuu wa kipindi hicho, Edward Palmer, alikuwa na njia rahisi ya kujua kama kipande kinafaa. Alimketisha mtoto mbele ya runinga, na pembeni akaweka mashine ya slaidi iliyobadilisha picha kila sekunde saba na nusu. Kisha alihesabu nyakati ambazo macho ya mtoto yalihama.

Majaribio ya Julai mwaka huo, yaliyofanyika Philadelphia, yalileta habari mbaya. Wanasaikolojia walikuwa wameshauri kwamba kwenye mandhari ya mtaani waonekane watu halisi tu, wasichanganywe na vikaragosi. Watoto hawakukubali. Vikaragosi walipotokea, watoto waliganda. Walipobaki watu wazima wakizungumza mtaani, walianza kutazama kwingine. Ushauri ukawekwa kando, na mtaa ukapata wakazi wapya: Big Bird, ndege mkubwa wa manjano, na Oscar, mnuno anayeishi ndani ya pipa la taka.

Kwenye kipindi hichohicho wamo Ernie na Bert, marafiki wawili wanaoishi nyumba moja na kugombana kila siku. Katika kichekesho chao kimoja cha zamani, Ernie ametia ndizi sikioni. Bert anamwuliza sababu. Hajibiwi. Anauliza tena, sauti inapanda, mpaka anapiga kelele. Ernie anamwomba radhi kwamba hamsikii: ana ndizi sikioni.

Kipande chenyewe ni kifupi. Mtoto wa darasa la pili atakicheka mara tano mfululizo bila kuchoka. Lakini mwalimu akiwauliza wanafunzi wake ni lini wao wenyewe walizungumza na mtu mwenye "ndizi sikioni", au ni lini wao ndio waliokuwa nayo, mikono itanyooka darasa zima. Hapo mazungumzo ya kusikilizana yameanza bila mtu kutamka neno maadili.

> Mtoto wa darasa la pili atakicheka mara tano mfululizo bila kuchoka.

Sesame Street haikuishia kwenye mizaha. Mwigizaji aliyekuwa Bwana Hooper, mwenye duka, alipofariki, watayarishaji hawakumtafuta mwingine wa kushika nafasi yake. Mwaka 1983 walitoa sehemu ambamo Big Bird anaambiwa kwamba rafiki yake amekufa na hatarudi. Afrika Kusini, toleo la huko liitwalo Takalani Sesame lilimleta mwaka 2002 kikaragosi Kami, msichana mchangamfu anayeishi na virusi vya UKIMWI, wakati ambapo watoto wengi wenye virusi hivyo walikuwa wakitengwa. Watoto walikuwa wamekwisha kucheka na vikaragosi hawa kwa muda mrefu, kwa hiyo jambo zito lilipofika halikuwatisha.

Kisarawe, Morogoro na nchi ya Lala

Tanzania ilipata toleo lake, Kilimani Sesame, lililokuja kwa runinga, redio na vitabu. Watafiti Dina Borzekowski na Jacob Macha walilipima kwa wiki sita kwa watoto 223 wa umri wa awali katika wilaya ya Kisarawe na jijini Dar es Salaam, na kuchapisha matokeo mwaka 2010. Watoto waliolifuatilia kwa karibu zaidi walionyesha maendeleo makubwa zaidi, yakiwemo ya kijamii na kihisia, hata baada ya kuzingatia tofauti za umri na hali ya nyumbani.

Miaka mitatu baadaye Mares na mwenzake Zhongdang Pan walikusanya tafiti 24 kuhusu matoleo ya Sesame Street katika nchi 15, zilizohusisha watoto zaidi ya 10,000. Faida ilionekana katika kusoma na kuhesabu, katika kuijua dunia, na pia katika namna watoto wanavyowatazama watu wasiofanana nao.

Mwaka huohuo wa 2013 lilianzishwa Dar es Salaam shirika la Ubongo. Kipindi chake cha kwanza, Ubongo Kids, kilianza kuonyeshwa TBC1 mwanzoni mwa 2014, kikiwa na wahusika wanaozungumza Kiswahili cha watoto wa hapa, wanaimba, wanaingia matatani na kutafuta namna ya kujinasua. Watazamaji waliweza kujibu maswali kwa ujumbe mfupi kutoka simu ya kawaida, hata ile ya kitochi.

Kikafuata Akili and Me, kwa wadogo zaidi. Akili ana miaka minne, anaishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro, na kila akilala usingizi huingia nchi ya Lala anakokutana na marafiki wanyama. Borzekowski alikipima kipindi hiki kwa watoto 568 wa Morogoro. Waliokitazama waliwazidi wenzao katika kuchora, kutambua maumbo na namba, kuhesabu na Kiingereza.

Orodha hiyo inahusu zaidi mambo yanayohesabika. Ni rahisi kumpima mtoto kama anaijua pembetatu. Kupima kama amekuwa mwepesi wa kumsogezea mwenzake nafasi kwenye benchi ni kazi nyingine, na ndiyo sababu mjadala wa stadi za kijamii una ushahidi mwembamba kuliko ule wa hesabu. Anayekuambia kwamba kipindi fulani "kinafundisha maadili" mwulize kwanza maadili hayo yalipimwaje.

Kicheko chenye meno

Upande wa pili una hoja nzito, na haziwezi kufukuzwa kwa kusema watoto wanafurahia.

Mwaka 1963 Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford alichapisha jaribio lake la watoto 96. Baadhi walimwona mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa, baadhi wakamwona mtu huyo kwenye filamu, na wengine wakaona filamu ambamo mpigaji amevaa kama paka wa katuni. Makundi yote matatu yaliwazidi kwa ugomvi wale ambao hawakuonyeshwa chochote. Paka alitosha.

Kichekesho kina matatizo yake ya ziada. Mhusika anayechekesha zaidi kwa kawaida ndiye mkorofi zaidi. Dakika nyingi za kipindi huenda kwenye ukorofi, ugomvi na kudhihakiana; maridhiano huja mwishoni, harakaharaka, kabla ya wimbo wa kufungia. Utafiti wa Jamie Ostrov na wenzake wa mwaka 2006 uliwafuatilia watoto wa chekechea na kukuta uhusiano ambao wengi hawakuutarajia: kutazama vipindi vya kuelimisha kuliendana na kuongezeka kwa ule ukorofi usiotumia ngumi, wa kununa, kusengenya na kumwambia mwenzako "hatuchezi na wewe". Maelezo yao ni kwamba watoto wa umri huo hawaunganishi kosa la dakika ya tatu na funzo la dakika ya ishirini. Wanashika kila kipande peke yake.

Hapa nyumbani mfano hauhitaji kutafutwa. Kizazi kizima cha Watanzania kiliigiza sauti za Joti na wenzake wa Orijino Komedi kwenye viwanja vya shule, na Wakenya wamecheka kwa miongo kwenye Vitimbi na Vioja Mahakamani. Sehemu ya kicheko hicho imetokana na lafudhi za makabila, umaskini, mfanyakazi wa ndani asiyejua mambo ya mjini, mtu mwenye kigugumizi. Vipindi hivyo havikutengenezwa kwa ajili ya darasa la tatu, lakini darasa la tatu lilikuwa limekaa mkekani likitazama. Kesho yake asubuhi mtoto mwenye kigugumizi alipata jina jipya.

Kwa hiyo swali la kwanza la mwalimu anayechagua kipande ni jepesi: hapa anachekwa nani, na kwa sababu gani? Mhusika akichekwa kwa uchoyo wake, kiburi chake au papara zake, kuna pa kuanzia. Akichekwa kwa mwili wake, kabila lake au umaskini wa nyumbani kwao, kipande hicho kibaki nje ya mlango wa darasa, hata kama kinaishia kwa kukumbatiana.

Kuna pia suala la kasi. Angeline Lillard na Jennifer Peterson wa Chuo Kikuu cha Virginia walichapisha mwaka 2011 jaribio la watoto 60 wa miaka minne. Dakika tisa tu za SpongeBob, katuni ya vichekesho inayokwenda mbio, ziliwafanya wafanye vibaya kwenye mazoezi ya kujizuia na kuwa makini mara baada ya kutazama, kuliko waliotazama katuni ya polepole au waliochora. Kampuni inayorusha SpongeBob ilijibu kwamba katuni hiyo inawalenga watoto wa miaka sita hadi kumi na mmoja. Jibu lina haki yake. Bado mwalimu anayepanga kuwatuliza watoto kwa katuni ya mbio dakika tano kabla ya kipindi cha hisabati anajitafutia kazi.

> Swali la kwanza la mwalimu ni jepesi: hapa anachekwa nani, na kwa sababu gani?

Paukwa!

Watafiti wanaokinzana juu ya runinga wanakutana kwenye jambo moja: mtu mzima aliye karibu na mtoto.

Mwaka 2016 Eric Rasmussen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas Tech walitoa matokeo ya utafiti wa watoto 127 waliotazama kwa wiki mbili Daniel Tiger's Neighborhood, katuni ya chui milia mdogo anayejifunza kukabili wivu, woga na hasira kwa nyimbo fupi. Walioitazama walionyesha huruma zaidi na wepesi zaidi wa kutambua hisia. Sharti lilikuwa moja: iwe ni watoto ambao wazazi wao wana desturi ya kuzungumza nao juu ya wanachokiona kwenye runinga. Pasipo mazungumzo hayo, faida haikuonekana.

Mares na Acosta nao walirudi kwa watoto wadogo. Katika kazi waliyochapisha mwaka 2010 waliongeza maelezo mafupi ndani ya katuni, yanayomwambia mtoto waziwazi jambo la kuangalia. Uelewa wa somo ukapanda.

Bibi aliyekaa jikoni akisimulia kisa cha Sungura na Fisi hakuhitaji kusomewa ripoti hiyo. Alianza kwa "Paukwa!" na asipojibiwa "Pakawa!" hakuendelea. Katikati ya hadithi alinyamaza: mnadhani Fisi alifanya nini? Watoto walibishana, walimlaumu Fisi, mmoja akamtetea, ndipo kisa kikaendelea. Hata vile visa vya Abunuwasi, ambavyo vimejaa udanganyifu mtupu, vilifaa kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuulizwa kama ilikuwa haki kumfanyia jirani vile. Runinga iliyochukua nafasi ya bibi ilichukua kisa ikaacha kimya cha katikati.

Kimya hicho mwalimu anaweza kukirudisha kwa kidole kimoja. Chukua Shaun the Sheep, vichekesho vya kondoo vilivyotengenezwa na studio ya Aardman ya Bristol, Uingereza, kuanzia mwaka 2007. Kila sehemu ina takriban dakika saba, na hakuna anayesema neno hata moja. Mtoto anayezungumza Kisukuma nyumbani na yule aliyekulia Kiswahili cha Tanga wanaelewa sawasawa.

Katika sehemu ya kwanza kabisa, kondoo wanapata kabichi. Shaun anaipiga teke, na mara malisho yote yamegeuka uwanja wa mpira, mbwa wao Bitzer akiwa refa. Mtoto yeyote aliyewahi kucheza chandimu kwa mpira wa makaratasi anajua hapo pana nini. Kisha nguruwe wa zizi jirani, wakorofi kupindukia, wanaingilia mchezo.

Mwalimu anasimamisha picha hapo hapo. Uso wa Shaun unasema nini? Umejuaje, kwa macho au kwa masikio yake? Ungekuwa wewe, ungefanya nini: kwenda kupigana, kumwita refa, au kuwaalika wacheze? Watoto wanne wanaitwa mbele waigize njia moja, wengine wanne njia nyingine. Ndipo picha inaendelea, na darasa linaona kondoo walichagua ipi. Dakika saba za katuni zimekuwa dakika thelathini na tano za somo, na watoto ndio waliozungumza zaidi.

Shughuli hiyo haihitaji kipande kipya kila wiki. Watayarishaji wa Blue's Clues, kipindi cha Marekani cha mwaka 1996, walikuwa wakirudia sehemu ileile siku tano mfululizo, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa kuwa walijua mtoto wa mara ya kwanza hutazama tu, na wa mara ya tano hujibu kabla hajaulizwa. Mwalimu mwenye vipande sita vizuri kwenye flashi ana kazi ya muhula mzima.

Umeme, nafasi na kiboko

Kuna vikwazo ambavyo haviondoki kwa mbinu. Kiwango rasmi cha Tanzania ni wanafunzi 45 kwa darasa la shule ya msingi, na shule nyingi za umma zimekipita mbali. Mbele ya runinga ya inchi 32, walio nyuma wanaona kichwa cha aliye mbele. Kenya ilianza mwaka 2016 kupeleka tableti, kompyuta za walimu na projekta kwenye shule za msingi za umma, lakini kifaa kisicho na umeme wa kutegemewa wala mwalimu aliyefundishwa kukitumia huishia kabatini. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, vipindi vya runinga na redio vilikuwa kimbilio la mamilioni. Shule zilipofunguliwa, wengi walivisahau.

Wazazi nao wana neno lao. Mzazi aliyenunua sare, madaftari na kulipia uji hapendi kusikia kwamba mwanawe amekwenda shule kutazama katuni, na kwa mwalimu mvivu runinga kweli ni njia nzuri ya kupumzika. Wakuu wa shule wanatazama mitihani: hakuna swali la mtihani wa darasa la saba linalomtaka mtoto aonyeshe kwamba anajua kuomba msamaha.

Halafu kuna kikwazo kisichozungumzwa sana kwenye semina. Kenya iliondoa viboko shuleni kwa sheria. Tanzania bado inaviruhusu kwa masharti. Mwalimu anayesimamisha katuni kuuliza "hasira ikikujia ufanye nini?" huku fimbo ikiwa juu ya meza yake anafundisha masomo mawili kwa wakati mmoja, na watoto wanajua lipi ni la kweli.

Yote hayo hayaondoi ukweli kwamba mali ghafi ipo. Vipindi vya Ubongo vinapatikana YouTube kwa Kiswahili. Machachari, kichekesho cha Citizen TV kilichowapa Wakenya akina Baha, Govi na Almasi, kilionyesha kwamba watoto wa Afrika Mashariki wanaweza kubeba kipindi kizima mabegani mwao. Tinga Tinga Tales, iliyochorwa Nairobi kwa mtindo wa rangi ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga, iligeuza ngano za Kiafrika kuwa vichekesho vifupi vilivyokwenda hadi BBC mwaka 2010.

Kinachokosekana ni ukurasa mmoja wa kuambatana na kila kipande: simamisha hapa, uliza hili, waigize lile. Taasisi ya Elimu Tanzania na taasisi ya mitaala ya Kenya, KICD, zina wataalamu wa mitaala, na watayarishaji wanajua kila sekunde ya kazi yao. Wakae meza moja waandike kurasa hizo, zichapishwe, zipelekwe vyuo vya ualimu kabla ya kununuliwa runinga nyingine hata moja. Na mwalimu asiyetaka kungoja aanze Ijumaa hii na simu yake, watoto kumi, na kipande alichokwisha kukitazama mwenyewe mara mbili.